Usaili wa umeneja: punguza mafumbo ya algoriti

Mdogo wangu wa Ujiji, unasema usaili wa umeneja wa timu ya programu ni wiki ijayo, kwa video, kampuni iko London, nawe unakesha na mafumbo ya algoriti, yale maswali ya kutunga hatua za kompyuta kutatua tatizo. Punguza hayo. Meneja anaulizwa zaidi habari za watu: mwenye kazi hafifu ulimfanyaje, waliogombana uliwapatanisha vipi, kazi ilipochelewa ulimwambia nani, na lini. Andaa visa vitano sita vya kweli. Kila kimoja kieleze hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, kikaishia wapi. Adabu zetu za "tulishirikiana" ziweke kando kidogo, msaili anatafuta mchango wako wewe. Kisa kimoja kiwe cha jambo lililoharibika, hicho hawakiachi.

Usanifu wa mifumo, yaani kupanga sehemu za programu zifanye kazi pamoja, nao upo. Jizoeze kuchora huku unaongea. Mfano, malipo kwa simu: mtandao umekatika katikati, mteja kabonyeza tena, utazuiaje asikatwe hela mara mbili? Kila ombi la malipo lipewe namba yake ya pekee, na mteja akibonyeza tena iende namba ile ile. Seva, kompyuta inayopokea maombi, ikiiona tena irudishe jibu lile lile, isikate upya. Wakikubana zaidi, uliza kwanza watumiaji ni wangapi.

Halafu saa: majira yao ya joto London wako nyuma yetu kwa saa mbili, ya baridi tatu. Chaji kompyuta mapema na simu yenye bando iwe pembeni, umeme wa huko unaujua mwenyewe.