Barua kwa mwanangu: nilipata nini kule mlimani

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelisoma. Umeuliza nilipata nini miaka yote ile ya kupanda Mlima Kilimanjaro kuzima moto bila malipo, tena moto wa hifadhi iliyotuzuia kukata majani ya ng'ombe. Ukaongeza, kwa ukali kidogo, kwamba kazi ile ina wenyewe na wanalipwa mshahara.

Wenyewe wapo. Ila gari la zimamoto linakomea pale barabara inapokomea. Juu ya Mandara, kambi ya wapanda mlima, kwenye mita 2,720 na zaidi, silaha ni panga, jembe, tawi bichi na maji uliyobeba mwenyewe. Askari wa hifadhi hawawezi kuutosha mlima mzima, kwa hiyo mbiu ikilia, sisi wa Marangu tunapanda, kama tunavyotoka kwenda msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji. Hakuna anayesaini fomu. Asiyekwenda anajulikana.

Hasira ya msitu ninayo hata mimi. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili ili wananchi wapate kuni na majani. Babu yako aliutumia, nami nikakulia humo. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa hifadhini, masharti yakabana. Nililisema hilo mkutanoni na nitalisema tena. Lakini ugomvi wangu ni na ofisi, si na maji.

Kule juu, msitu unapoishia, kuna miti ya erika yenye nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini. Ukungu ukipita, majani na nyuzi zile zinaunasa, unakuwa matone, ardhi inanywa. Watafiti waliokaa miaka mingi mlimani wanasema kuungua kwa misitu ile kumetupotezea maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Watalii wanalilia barafu. Mimi nililia erika, hasa baada ya moto wa ukame wa 1996 na 1997, maana mti ule ukiungua mara kwa mara haurudi, vinabaki vichaka. Na usidhani haya ni ya Marangu tu. Mto Pangani unaopita hapo kwako Korogwe, sehemu ya maji yake inatoka huku.

Sasa erika ina ubaya wake: inawaka hata ikiwa mbichi. Mchana upepo unapanda mlima na moto unapanda nao, ukijitia mbele yake umekwisha. Wazee walitufundisha kusubiri alfajiri, baridi ikiwa imeushika moto na upepo umelala. Hapo unafyeka njia pana, unakwangua majani mpaka udongo uonekane, unapiga kingo kwa matawi. Kazi inayochosha kuliko zote inakuja moshi ukishapungua, wakati vijana wanataka kushuka. Moto unajificha kwenye mizizi na mboji, unatembea chini kwa chini, kesho unaibukia nyuma yako. Lazima uchimbe, uguse udongo kwa mkono. Mioto mingi inaanza kwa watu: warina asali wanaoacha vijinga, jiko la kupashia chakula.

Moto ule wa Jumapili, Oktoba 11, 2020, ulianzia Whona, kati ya Mandara na kambi ya Horombo. Uliuona kwenye televisheni, sisi tuliuona usiku mlima ukiwa na mkanda mwekundu. Walipanda askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, wanavijiji, na wapagazi, wale tunaowaita wagumu, ambao mwaka ule wa korona hawakuwa na wageni wa kubeba mizigo yao. Hao ndio walionishangaza. Mtu hana hata nauli, lakini anapanda na gunia la mikate ya wenzake.

Tulichopewa? Mikate, soda na hotuba. Hotuba zilizidi soda.

Nilichopata ni hiki, na usicheke: nilipenda kuwepo. Nyumbani mimi ni mkulima wa kahawa ambaye bei yake inapangwa na wengine. Kule juu neno langu lilisikilizwa na hata askari mwenye bunduki, kwa sababu nilijua upepo utageukia wapi. Na kwenye kikao cha mfereji, zamu za maji zikigombaniwa, hakuna aliyewahi kuniuliza nimechangia nini.

Kama ingekuwepo posho ningeipokea, tena bila aibu. Naona hata leo wanaojitolea wapewe bima, viatu na kofia. Mtu akiumia kule asibaki mzigo wa mkewe. Hilo lisemee huko uliko, wewe unayejua kuandika barua za ofisini.

Mdogo wako amesema safari ijayo atapanda yeye. Sijamkataza. Ukija Desemba mletee buti za ngozi, za kufunga kamba. Asivae zile za mpira, majivu ya moto yanaziyeyusha mguuni. Namba yake ni arobaini na mbili.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.