Kabla baba hajaondoka: maneno kwa wadogo zangu wenye waume walioko misheni

Jumanne usiku mdogo wangu mmoja alinigongea mlango. Mumewe, mwanajeshi, ana wiki tatu tangu aondoke kwenda misheni ya kulinda amani. Alikuwa na kanga ya kulalia, mtoto mgongoni, simu mkononi. Ametumiwa sauti ya mtu asiyemjua, inasema kuna "tukio" huko waliko. Nikamuuliza maswali matatu. MT ya mumeo, yaani namba yake ya jeshi? Haijui. Namba za kikosi ulizopewa siku ya kuagana? Ziko kwenye simu aliyoondoka nayo baba. Mpaka sasa umempigia nani? "Nimempigia mama mkwe, yuko Rombo, hapokei."

Nikamwambia ashukuru Mungu hapokei. Nikachukua ile simu nikaiweka kabatini, nikabandika chai. Asubuhi tukapiga kikosini pamoja. Hakukuwa na tukio lolote.

Nimeolewa na mjeda mwaka wa 19 sasa. Amekwenda misheni mara mbili, Darfur na Congo, na mara zote mbili mimi nilibaki hapa Arusha na watoto. Nawapenda, lakini mnanichosha. Kila rotesheni, yaani zamu mpya ikiondoka, naona makosa yaleyale, hata maneno ya kujitetea ni yaleyale: "Dada, tulisahau, muda ulikuwa mfupi." Muda wa kushona vitenge vya sare vya kuagana ulipatikana. Basi nasema yote mara moja.

1. Daftari. Si simu, daftari la karatasi, lenye jalada gumu. Ndani yake uandike MT yake, cheo, kikosi, jina la misheni, namba mbili za ofisi ya kikosi, namba ya NIDA yake na yako, namba za akaunti, na jina la mwenzake mmoja waliyeondoka pamoja. Nyuma ubandike bahasha ya nakala: cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya RITA, kadi za matibabu, hati ya kiwanja. Daftari lingine kama hilo likae kwa mtu unayemwamini, nyumba nyingine kabisa, kwa sababu moto hauchagui kabati.

2. Fomu ya mrithi. Mwambie aende akaiangalie kabla hajapanda ndege. Wengi waliijaza wakiwa kuruta, hawajawajua ninyi wala watoto. Unakuta mrithi ni kaka aliyehamia Mwanza, au mama aliyekwisha kufariki. Wanaume wetu hawapendi mazungumzo haya, wanaona unawaombea mabaya. Mimi wa kwangu nilimwandalia mchemsho wa kuku wa kienyeji, nikasubiri ashibe, nikaleta kalamu. Alicheka sana, lakini kesho yake alikwenda. Ila mjue pia fomu haimalizi kila kitu. Nyumba, kiwanja na pesa za benki vina njia yake: mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na hapo cheti cha ndoa ndicho kinachosema wewe ni nani. Kama mlifunga ndoa kanisani au msikitini na cheti kimebaki huko miaka yote hii, nenda kakichukue wiki hii. Na kama kuna kitu kitakachohitaji saini yake akiwa hayupo, akuandikie hati ya uwakilishi kwa wakili. Hiyo inafanya kazi akiwa hai tu.

3. Pesa. Kosa kubwa hapa ni laini. Laini yako ya simu, yenye pesa zako za kula, imesajiliwa kwa kidole chake kwa sababu siku ile wewe hukuwa na namba ya NIDA. Simu ikiibwa pale sokoni Kilombero, huwezi kuirudisha laini bila kidole chake, na kidole kiko Congo. Nimewaona watatu. Nenda kasajili yako leo. Kisha mkubaliane kiasi kitoke kwenye mshahara kije kwenye akaunti yako kila mwezi kwa maelekezo ya kudumu ya benki, isiwe mpaka mtu akumbuke kutuma. Weka ndani pesa taslimu ya kula wiki mbili, noti ndogondogo, maana siku mtandao umelala wakala hana cha kukusaidia. Na posho ya misheni isinunue tofali kabla haijaingia.

4. Habari mbaya. Hili ndilo lililonikalisha niandike.

Desemba 2017 mume wangu alikuwa Kivu Kaskazini, kwenye brigedi ile ya Umoja wa Mataifa ya kujibu mashambulizi tuliyokuwa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Alhamisi tarehe 7, jioni, waasi walivamia kambi ya Semuliki, upande wa Beni. Huku tulipata habari Ijumaa. Nilikuwa sokoni Kilombero nachagua ndizi za genge langu. Kundi letu la akina mama lilikuwa limejaa ujumbe hata sijui nianze wapi. Mmoja anasema wamekufa watano, mwingine anasema arobaini, mwingine analia tu kwa sauti. Kisha ikaja orodha. Imeandikwa kwa mkono, imepigwa picha ikiwa imepinda, haina muhuri, haina jina la aliyeiandika. Katikati nikaona jina la ukoo wa mume wangu. Herufi ya mbele haikuwa yake. Cheo hakikuwa chake. Na ukoo wenyewe, kwao Kibosho nzima wamejaa. Lakini siku ile macho yangu yalisoma neno moja tu.

Nikampigia, hapatikani. Nikampigia tena na tena, palepale katikati ya mikungu ya ndizi, watu wananipita. Kwenye pochi nilikuwa na karatasi yenye namba za kikosi. Aliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu, akaikunja mara nne, akaniambia, "Hii kwanza, kabla ya mtu yeyote." Sikuifungua. Nikampigia mama yake.

Nawaeleza kwa nini nilifanya vile, kwa sababu nanyi mtataka kufanya hivyo. Sikumpigia ili kumpa taarifa. Taarifa sikuwa nayo. Nilimpigia kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu na hofu ile, nikataka mtu mwingine anayempenda alie pamoja nami. Nikamtwisha mwanamke wa miaka 71 mzigo ambao mimi mwenyewe sikuwa na hakika kwamba upo.

Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alipokea kwa furaha, alidhani nampigia kumwambia Krismasi tunapanda Kibosho lini. Nikasema, "Mama, Congo wameua watu wetu, na mwanao simpati, na jina letu lipo." Akasema, "Jina lipi?" Kisha nikasikia simu inaanguka kwenye majani. Nikaita. Nikaendelea kuita mpaka salio likaisha.

Kufika saa kumi kihamba, shamba la nyumbani kwao, kilikuwa kimejaa watu. Shemeji yangu alifunga turubai, wanaume wakaleta mabenchi ya kanisani, wengine wakaanza kupasua kuni. Mama walimlaza ndani wakiamini ni uchungu wa kufiwa na mtoto. Kila mama aliyeingia alimshika mkono wa kulia akampa pole, akatoka, na hakuna aliyeona kwamba mkono ule haushiki. Aliyeona ni binti wa jirani aliyekuwa anasomea uuguzi. Alisogea na taa, akaona mdomo umeenda upande. Mpaka wanamfikisha hospitali ya KCMC giza lilikuwa limeshaingia, na saa ambazo mtu wa kiharusi anazihitaji kuliko zote zilikuwa zimeishia kwenye pole.

Saa tatu usiku simu yangu ikaita kwa namba ngeni. Ni yeye. Mzima kabisa. Hakuwa Semuliki, alikuwa kituo kingine. Waliambiwa asipige simu mtu yeyote mpaka familia za waliofariki zijulishwe kwanza. Ukimya ule niliousoma kama kifo ulikuwa heshima waliyowapa wenzao. Akaniuliza, "Mama umemwambia niko salama?" Nilikaa chini palepale mlangoni.

Taarifa rasmi ilitaja askari wetu 14 waliouawa. Zilikuwepo nyumba zilizokuwa na msiba wa kweli siku ile, na mimi Kibosho nilikuwa nimesimamisha turubai la mtu aliye hai.

Mama aliishi miaka minne baada ya pale. Mkono haukurudi. Mtori aliokuwa akiupika tangu ni bibi harusi, akawa anauelekeza tu kwa mdomo ameketi kwenye kigoda, na akiona umekorogwa vibaya anageuza uso. Simu yake alimpa mjukuu, hakutaka tena kusikia inalia ndani ya nyumba. Yeye hakunilaumu hata siku moja. Mume wangu alinilaumu mara moja tu, alipokuwa amerudi, tumekaa nje jioni, kwa sentensi moja: "Karatasi ilikuwa kwenye pochi."

Basi sikilizeni. Kikisikika kitu, namba ya kwanza ni ya kikosi. Isipopokelewa, piga ya pili. Isipopokelewa, vaa viatu uende getini mwenyewe. Ukishindwa kukaa peke yako, njoo kwangu, hata saa nane usiku, ndiyo maana nipo. Wazazi wake wasiambiwe kitu mpaka kikosi kiseme, na wakiambiwa, aende mtu ana kwa ana, asipigiwe simu mzee aliye peke yake shambani. Kabla mume hajaondoka, mchague pamoja ni nani huyo wa kwenda: kaka, mchungaji, jirani mwenye busara. Mume akiwa hapatikani siku ya tukio, jua kwamba wote hawapatikani. Na orodha isiyo na muhuri usiitume mbele, hata ukiandika "eti ni kweli?" chini yake, kwa sababu anayeipokea hasomi swali lako, anasoma majina.

5. Upande wa pili wa hilo: yeye naye usimwambie kila kitu. Mtoto ana homa ya kawaida, subiri apone ndipo umwambie. Mtoto amelazwa, mwambie, lakini umwambie pia nani yuko nawe, umelipa nini na daktari amesema nini. Mtu aliye doria akijua nusu ya habari, mawazo yake yanabaki huku.

6. Nyumba. Masika ya Arusha mnayajua. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji Muriet, asubuhi, watoto wakafa. Wengi wenu mmejenga Muriet na Olasiti kwa sababu viwanja vilikuwa vya bei nafuu. Tembea na mwanao njia ya shule siku ya kiangazi, muone korongo liko wapi, mkubaliane kwamba mvua ikiwa kubwa hakuna shule, mwalimu aseme asemavyo. Kama maji yanapita juu ya daraja usivuke, wala usimruhusu bodaboda akuvushe kwa sababu yeye kasema amezoea. Shuleni acha majina mawili ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Ndani weka jaba la maji limejaa, tochi, umeme wa akiba kwenye LUKU, na 114 ya zimamoto na 112 ya polisi ziandikwe ukutani mahali mtoto anapoona.

Na ile Juni na Julai, baridi ikiingia: jiko la mkaa halilali chumbani. Nasema hili kwa ukali kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananijibu kwamba lake limeshakuwa makaa tu, halitoi moshi. Hewa inayoua haina moshi wala harufu. Ongeza blanketi, lala na watoto kitanda kimoja.

7. Matapeli. Watakupigia: "Mumeo amepata shida, tuma nauli kwa namba hii." Wanajua jina lake kwa sababu wewe ndiye uliyeweka picha ya kuagana, amevaa sare, jina lake linasomeka kifuani, na chini ukaandika "mwaka mzima bila wewe". Kwa picha hiyohiyo mwizi wa mtaani amejua nyumba haina mwanaume. Zitoe leo. Kubalianeni neno la siri. La kwetu lilikuwa jina la mbuzi wake wa utotoni, na mpaka leo watoto wakilisikia wanacheka. Asiyelijua neno hapewi hata shilingi.

8. Usiku. Mjue dereva mmoja wa bajaji au bodaboda anayelala karibu nawe, umlipe vizuri siku za kawaida ili siku ya shida apokee simu. Mwambie balozi wa mtaa kwamba uko peke yako. Jirani mmoja awe na ufunguo.

Jumamosi nitakuwepo nyumbani kuanzia saa nane mchana. Njooni na daftari, kalamu na nakala za vyeti, chai na maandazi yapo. Mdogo wangu wa Jumanne, namba za kikosi nimekuandikia kwenye karatasi, kwa wino mwekundu. Usiiweke kwenye pochi. Ibandike ukutani, juu ya swichi ya taa.