Uhusika wa uelekeo katika lugha ya kubuni ya Kigermaniki: usianze na kiambishi

Ukipenda Kijerumani na Kiaislandi, kisha siku moja ukakutana na Kifini, ambacho nomino zake huonyesha uelekeo kwa viambishi, tamaa hukujia yenyewe: unataka nomino yenye sura ya Kigermaniki, yaani ya jamii ya Kijerumani, Kiaislandi na Kiingereza, lakini yenye umbo lake la pekee la kuonyesha kitu kinaelekea wapi. Umbo hilo ndilo uhusika wa uelekeo. Lugha yangu ya kubuni ninaifuma kwa miaka sasa, na hakuna sehemu iliyonipa raha kama hii. Anayeanza ningemshauri aache kwanza kutafuta kiambishi kinachopendeza masikioni, ajiulize kazi hiyo kwa sasa inafanywa na nani.

Katika lugha za Kigermaniki, nafasi hiyo haiko tupu. Kijerumani kina vihusishi tisa, kama vile in, auf na unter, ambavyo hubadili maana kulingana na umbo la nomino inayofuata, ambalo mara nyingi huonekana kwenye neno dogo lililo mbele yake, kama dem au den. Paka akiruka auf dem Tisch, yuko mezani tayari na anarukaruka palepale; hiyo ni dativu, hapa umbo la kuwa mahali. Akiruka auf den Tisch, anatoka chini na kutua mezani. Hiyo ni akuzativu, umbo lilelile la kitu kinachotendwa. Hata Zamenhof alipotoa lugha yake ya kubuni, Kiesperanto, mwaka 1887 aliingiza mpango wa namna hiyo: en la domo ni kuwa ndani ya nyumba, en la domon ni kuingia. Ukileta umbo la tatu la uelekeo bila kumpunguzia kazi akuzativu, utakuwa na wafanyakazi wawili kwenye kiti kimoja. Mimi nilimnyang'anya akuzativu vihusishi vyote vya mahali, akabaki na yambwa tu, yaani kile kitu kinachotendwa. Unaweza kuamua vinginevyo, ila amua.

Baada ya hapo tafuta mbegu, na zipo. Kiaislandi kina heim kwa kwenda nyumbani, heima kwa kuwa nyumbani, heiman kwa kutoka nyumbani. Kina pia hingað, hér na héðan: kuja hapa, kuwa hapa, kutoka hapa. Utatu huo unakaa kwenye vielezi, haukuenea kwenye nomino zote, na hapo ndipo mbunifu anapopata upenyo. Lugha yako inaweza kuwa ile iliyoendelea pale ndugu zake waliposimama.

Lakini iendelee vipi? Mara nyingi viambishi vya namna hii huanza kama maneno kamili yanayofuata nomino, yakachoka, yakaigandia. Kihungari kimetuachia ushahidi wa maandishi: katika hati ya abasia ya Tihany, ya mwaka 1055, kuna feheruuaru rea, "kuelekea Fehérvár", ambapo rea inaandikwa peke yake. Leo ni Fehérvárra, neno moja. Na usidhani ni mambo ya jamii nyingine ya lugha tu, kwa sababu Kilithuania, ambacho ni cha familia moja kubwa na Kijerumani, kilijitengenezea umbo la kuingia ndani kwa kugandisha kipande cha neno nyuma ya akuzativu.

Sasa tumefika kwenye utamu wenyewe. Lugha za Kigermaniki huweka mkazo mwanzoni mwa neno, na mwisho wa neno huliwa polepole, karne baada ya karne. Kiambishi kizuri chenye silabi mbili hakitaishi humo. Ila irabu i ikiwa mwishoni, kabla haijafa huvuta irabu ya mzizi kuelekea mbele ya kinywa. Ndiyo sababu Kiingereza kina foot na feet. Mimi nilichukua neno in, nikaliweka nyuma ya nomino, nikaliacha lioze. Hus, "nyumba", ikawa husin, kisha hysin, kisha hyse, na leo ni hys tu. Burg, "ngome", ina byrg. Land ina lend. Kiambishi kimekufa, uelekeo umebaki ndani ya irabu. Kwa macho yangu hilo ni la Kigermaniki kuliko kiambishi chochote ambacho ningeweza kukitunga.

Lina gharama, bila shaka. Feld tayari ina irabu ya mbele, kwa hiyo haibadiliki, nami nimeiacha itumie kihusishi til kama maskini wengine. Usirekebishe kila pengo; lugha isiyo na mapengo hunukia karatasi. Hatari kubwa zaidi ni wingi. Kama wingi wako nao hutengenezwa kwa kubadili irabu, "miguu" na "kuelekea mguuni" vitafanana. Nilitoka hapo kwa kuweka uelekeo kwenye nomino za mahali peke yake, na nomino hizo wingi wake huishia na -ar.

Kikomo hicho si cha kubahatisha. Sisi wenyewe tunasema naenda shuleni, lakini hatusemi naenda mwalimuni. Ni kwa mwalimu. London nayo haitaki -ni. Watu na majina halisi ya mahali mara nyingi huwa na njia yao, kwa hiyo ipe lugha yako kihusishi kwa ajili ya watu.

Vivumishi visikuchoshe. Kifini huvipatanisha na nomino, Kihungari hakivipatanishi, zote mbili ni lugha hai. Kivumishi cha lugha yangu hukaa kwenye akuzativu, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo kabla ya in kuganda.

Muda wako upe vitenzi, maana kwa kila kimoja lazima uamue kama kinataka uelekeo au mahali. Kwenda na kuingia ni rahisi. Je, kufika? Kijerumani humchukulia anayefika kuwa amekwishafika: ich komme in Berlin an, dativu. Kubaki? Kifini husema jäädä kotiin, kubaki nyumbani, kwa umbo la kuingia, ingawa hakuna aliyesogea. Na kutafsiri kwa lugha fulani, Kijerumani hukiona kama safari: ins Deutsche. Mimi nina daftari la vitenzi ambavyo bado sijavigawa, na kwa sasa ninabishana na kitenzi cha kuficha: kitu kikifichwa msituni, je, kinaenda msituni au kiko humo?