Anza na jibini, unga utafuata

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: mtu anayetaka kutengeneza nyumbani mkate, tambi na jibini za Kiitaliano aanze na kipi? Nadhani wengi watajibu mkate, kwa kuwa unga na hamira ndivyo vilivyo karibu. Mimi nasema aanze na jibini, tena ricotta, ile nyeupe na laini inayoliwa mbichi.

Mkate na tambi hutaka vidole vilivyozoea unga, na vidole havizoei kwa siku moja. Ricotta haidai hivyo. Inataka maziwa, limau na jicho linaloangalia, na kabla saa moja haijaisha umeshajua kama umepata au umekosa. Mwanafunzi aliyepata jambo moja sawasawa siku ya kwanza hurudi jikoni siku ya pili. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuipa jibini nafasi ya mbele.

Chukua lita 2 za maziwa ambayo hayajatolewa mafuta, yatie kwenye sufuria nzito pamoja na kijiko kidogo cha chumvi, kisha yapashe kwa moto wa wastani huku mwiko ukipita chini yasishike. Yakikaribia nyuzi 90 za Selsiasi, mvuke unapanda na vipovu vinazunguka ukingo wa sufuria ingawa hayajachemka. Zima moto. Mimina vijiko 4 vikubwa vya maji ya limau, koroga mara mbili tatu polepole, halafu toa mwiko kabisa. Sekunde chache za kwanza huoni kitu. Kisha uso unaanza kukatika, vipande vidogo vyeupe vinaelea, na kati yake yanatokeza maji ya rangi ya manjano inayoelekea kijani. Yakiwa bado na weupe wa maziwa, ongeza kijiko kimoja cha limau. Yakiwa angavu, acha dakika 10, kisha chuja kwa kitambaa chepesi.

Kinachotokea humo ni kwamba joto hufungua zile protini ambazo kwa kawaida hubaki kwenye maji ya maziwa, zikajishika na kaseini, protini kuu ya maziwa, na asidi ya limau ikaondoa nguvu iliyokuwa ikizifanya zikimbiane. Ndiyo maana ukikoroga kwa pupa unapata chembechembe kavu badala ya mabonge laini. Lita 2 zitakupa kama gramu 300 hadi 400, kutegemea maziwa yenyewe na muda uliochuja.

Wapo watakaosema hiyo si ricotta halisi, na kwa asili wanasema kweli: ricotta ya wafugaji wa Italia hutokana na maji yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine, kwa mfano pecorino ya maziwa ya kondoo, yanayopashwa upya. Lakini anayeanza hana pecorino. Hii ya maziwa mazima ni laini, tamu, na inafanya kazi zote nitakazozitaja.

Kazi ya kwanza hata si ya jibini, ni ya yale maji. Umebaki na zaidi ya lita moja, na tafadhali usiyamwage. Yapoze, uyachanganye nusu kwa nusu na maji ya kawaida, ukandie unga wa focaccia, mkate bapa wa mafuta ya zeituni: gramu 500 za unga wa ngano, gramu 380 za mchanganyiko huo, gramu 10 za chumvi, gramu 3 za hamira kavu. Maji hayo yana laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya mkate haiwezi kuila, kwa hiyo inabaki ndani ya unga mpaka kwenye oveni na kuupa uso rangi nzuri ya kahawia. Kinyunya kitakuwa chepesi na kitanata mikononi. Usikiongezee unga! Kikunje mara chache kila baada ya nusu saa, kiache kwenye friji usiku kucha, na asubuhi kimwage kwenye sinia lililopakwa mafuta ya zeituni kwa ukarimu.

Kikishaumuka tena ndipo unapofanya jambo ninalolipenda kuliko yote katika upishi huu. Paka vidole mafuta, vizamishe wima mpaka viguse sinia, vitoe, songa mbele, mpaka uso mzima uwe na mashimo. Watu wa Genova na pwani yote ya Liguria huyamwagia mashimo hayo maji ya chumvi yaliyopigwa na mafuta ya zeituni. Ukiona mara ya kwanza unadhani mkate umeharibiwa. Oka kwa nyuzi 220 hadi 230, na utakuta chumvi imeingia ndani ya mashimo badala ya kukaa juu tu.

Ciabatta, ule mkate mrefu wenye matundu makubwa ndani, iache kwa baadaye, kinyunya chake ni kigumu kukishika. Wala asikutishe mtu kwamba ni siri ya mababu: ilibuniwa mwaka 1982 na Arnaldo Cavallari, mwoka mikate wa Adria, mkoa wa Veneto.

Tambi zina njia mbili kubwa, na ni vizuri mtu ajue anafuata ipi. Kaskazini, Emilia-Romagna, ni yai 1 kwa kila gramu 100 za unga laini. Huko Bologna wanalichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 1972 kipimo cha tagliatelle, tambi ndefu bapa za yai, kiliwekwa rasmi kwenye Chemba ya Biashara ya mji huo, milimita 8 kwa upana zikishaiva. Kusini, Puglia, hakuna yai: ni unga wa ngano ngumu na maji, takriban gramu 50 za maji kwa kila gramu 100 za unga, na kidole gumba kinachoburuta kila kipande kwenye ubao mpaka kijikunje kuwa orecchiette, tambi ndogo zenye umbo la sikio. Anayeanza afuate ya kusini, kwa sababu haihitaji kusukuma unga uwe mwembamba. Njia zote mbili, unga ukandwe dakika 10 na upumzike nusu saa umefunikwa. Usipopumzika utajikunyata kila unapouvuta.

Orecchiette zikiiva, ziepue na kikombe cha maji yake, uzikoroge na ricotta hapohapo. Wanga ulio kwenye maji hayo unaigeuza jibini kuwa mchuzi. Ukifika kwenye tortelli za yai zenye ricotta ndani, chuja jibini usiku mzima, maana ikiwa na maji italowesha unga na tambi zitapasukia sufuriani.

Mozzarella, jibini inayovutwa ikiwa ya moto, ije mwisho. Inataka kimeng'enya cha kugandisha maziwa, na hapa maziwa ya UHT, yale ya pakiti yanayodumu nje ya friji, hayafai ingawa kwenye ricotta yanakubali: joto lake kali limeshazibadili protini, kimeng'enya hakipati bonge imara. Na bonge likipatikana, usilivute kwa kufuata saa. Kata kipande kidogo, kichovye kwenye maji ya nyuzi 80, kivute. Kikikatika, asidi haijafikia kiwango, subiri nusu saa ujaribu tena. Kikinyooka kirefu na kung'aa, lete maji ya moto, vaa glavu, uvute bonge lote.