Kwa nini Linux ya ARM64 haiwaki kwenye MacBook ya M1?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nimenunua MacBook Air iliyotumika, yenye prosesa ya M1. Nimeweka kwenye flashi Debian, aina mojawapo ya Linux, ya ARM64, kwa kuwa Raspberry Pi 4 yangu nayo ni ARM64 na inaendesha Debian bila shida, lakini MacBook haiioni kabisa. Je, ARM64 si moja?

Jibu: Marahaba. Kilicho kimoja ni lugha ya maagizo ya prosesa. Namna ya kuwaka, namna ya kupokea taarifa za kibodi na diski, na njia ambayo vifaa vinaifikia kumbukumbu, hayo yote kila mtengenezaji huyapanga apendavyo, na Apple imeyapanga kwa namna yake peke yake.

Flashi yako haikuonekana kwa sababu mashine hiyo haina UEFI, yaani programu ya kuwashia ambayo kompyuta nyingi huitumia kutafuta mfumo kwenye flashi au diski, na hatua za mwanzo za kuwaka hupitia diski ya ndani. Ndiyo maana Asahi Linux, mradi wa kuifanya Linux iendeshwe kwenye Mac za prosesa za Apple, husakinishwa ukiwa ndani ya macOS: kisakinishi huipunguzia macOS nafasi, kisha huweka programu ndogo iitwayo m1n1, ambayo mashine huipokea kana kwamba ni kerneli, yaani kiini, ya macOS. Hiyo huikabidhi kazi U-Boot, programu nyingine ya kuwashia, na U-Boot huiandalia Linux mazingira ya UEFI iliyoyazoea.

M1 ilipotoka Novemba 2020, Apple haikutoa maelezo ya vifaa vyake. Kwa hiyo m1n1 ilipewa kazi ya pili, ambayo kwangu ndiyo iliyo tamu zaidi: huendesha macOS juu yake na kurekodi kila inapogusa vifaa, hata mtaalamu aliyekaa kwenye kompyuta ya pili akaona ni namba gani imeandikwa kwenye anwani gani, na kwa mfuatano upi. Viendeshi vingi, yaani programu zinazoiwezesha Linux kutumia vifaa, viliandikwa kutokana na rekodi za namna hiyo. Linux 5.13 ya Juni 2021 ndiyo ya kwanza kuitambua M1, ingawa wakati huo hata kibodi ya MacBook ilikuwa bado.

Kikwazo kingine kiko kwenye kumbukumbu. Andika `getconf PAGESIZE` kwenye Raspberry Pi 4 yako na utaona 4096, yaani ukubwa kwa baiti wa ukurasa, kipande ambacho kumbukumbu hugawanywa kwacho. Kwenye Asahi utaona 16384. Prosesa ya M1 yenyewe inakubali kurasa za KB 4, lakini DART, yaani lango ambalo vifaa hulipitia kuifikia kumbukumbu, inajua kurasa za KB 16 tu, na kerneli ikalazimika kufuata lango. Programu zilizoandikwa kwa kudhani kwamba ukurasa ni 4096 daima, kivinjari cha Chromium kikiwa miongoni mwao, zilianguka zikasubiri kurekebishwa. Kosa hilo si la Apple; ni letu sisi waandishi wa programu.

Kwa mashine yako tumia Fedora Asahi Remix, Linux ya Fedora iliyoandaliwa na mradi huo wa Asahi, iliyotoka Desemba 2023 kwa familia za M1 na M2. Usitarajie kisomaji cha alama za vidole kifanye kazi. Weka nakala ya mafaili yako kabla ya kugawa diski, na usiifute macOS hata ukiona inakula nafasi, kwa kuwa masasisho ya programu za ndani za vifaa hupitia huko.