Kutoka Chumba cha Seva Hadi Umeneja wa TEHAMA: Ushauri kwa Vijana Wanaoanzia Kazi Lamu

Vijana wengi wanaonijia kutaka ushauri huanza kwa kuuliza ni cheti gani kitakachowapatia kazi ya meneja wa TEHAMA katika hoteli, hospitali au ofisi ya umma. Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa matangazo ya kazi huandikwa kwa vyeti na miaka ya uzoefu, lakini mimi huwaomba warudi hatua moja nyuma. Huwaambia wajifunze kwanza kuisimamia seva moja, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, mpaka waweze kuivunja na kuisimamisha upya bila kumpigia mtu simu. Karibu kila jambo ambalo meneja huulizwa na wakubwa wake, yaani huduma itarudi lini, data iko wapi, ni nani ana ruhusa ya kuiona na gharama yake ni kiasi gani, hujibiwa vyema na mtu aliyewahi kuishughulikia seva kwa mikono yake mwenyewe.

Huhitaji kununua seva ili uanze. Kompyuta ya mkononi yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 16 inatosha, na hata ya GB 8 itakuvusha ukiwa na subira. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta ambayo hutolewa bure, kisha utengeneze ndani yake mashine pepe tatu: moja ya Windows Server, moja ya Debian au Ubuntu Server (mifumo ya Linux), na moja ya mtumiaji wa kawaida. Microsoft hutoa toleo la majaribio la Windows Server linalofanya kazi kwa siku 180, muda ambao unatosha kusimamisha Active Directory (ya kusimamia akaunti na ruhusa za watumiaji), DNS (ya kugeuza majina kuwa anwani za mtandao) na DHCP (ya kuzigawia mashine anwani hizo), kuvibomoa na kuvisimamisha tena. Kwa upande wa Ubuntu, chagua matoleo ya LTS, yaani ya kutunzwa kwa muda mrefu, ambayo hutoka kila baada ya miaka miwili na kupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Ndiyo utakayoyakuta kazini.

DNS iipe muda zaidi ya unavyodhani inastahili. Mtumiaji akisema intaneti imekufa, mara nyingi njia iko wazi na kilichokosekana ni jina kugeuzwa kuwa anwani, na mtu anayejua kulipima hilo kwa amri moja huokoa nusu ya asubuhi. Hapa mjini kuna chanzo kingine cha malalamiko ambacho vitabu havikitaji: nyumba zetu za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na mawimbi ya Wi-Fi huchoka kabla hayajafika chumba cha pili. Seva italaumiwa bure mpaka mtu avute waya na kuweka kifaa cha Wi-Fi kila ghorofa.

Sasa nitoe mfano mmoja wa kazi yenyewe, kwa sababu ndani yake mna mafunzo mengi. Programu ya mapokezi inakataa kuandika kumbukumbu mpya, na wageni wamesimama na mizigo yao. Unaingia kwenye seva ya Linux, unaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski, unaona diski imejaa kwa asilimia 100. Kwa du, inayopima ukubwa wa folda, unafuatilia folda baada ya folda, unafika /var/log, unakuta faili moja ya logi, yaani ya taarifa za matukio ya mfumo, imevimba, na mkono unakuwasha kuifuta. Ukiifuta kwa rm, df itaendelea kukuonyesha asilimia 100 ileile, kwa kuwa huduma iliyokuwa ikiandika bado imeishikilia faili hiyo ingawa jina lake limeondoka kwenye folda, na nafasi hairudi mpaka huduma hiyo iiachie. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha ni nani aliyeishikilia. Ukiiwasha upya huduma hiyo, nafasi inarudi. Njia iliyo salama zaidi tangu mwanzo ni kuhifadhi kando mistari ya mwisho ya logi ili baadaye ujue kilichoifanya ivimbe, kisha kuimwaga faili ibaki tupu badala ya kuiondoa. Mapokezi yakishaendelea na kazi, rudi ukatafute chanzo, uweke utaratibu wa logrotate, unaozungusha na kufuta logi za zamani, na uweke tahadhari itakayokuarifu diski ikifika asilimia 80. Msimamizi wa kawaida huishia pale nafasi iliporudi. Mtu anayeelekea umeneja huandika siku hiyohiyo ukurasa mmoja wa kilichotokea, kilichosababisha na kilichobadilishwa.

Kuhusu nakala rudufu nitasema kwa mkazo, kwa kuwa nimeona taasisi zikipoteza kazi ya miaka kwa kuchanganya mambo mawili. RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, si nakala rudufu. RAID 1 hukulinda diski moja ikifa, na RAID 5 vivyo hivyo, lakini faili iliyofutwa kwa makosa au kufungwa na virusi vya kudai fidia hufutika au kufungwa kwenye diski zote kwa wakati mmoja. Kanuni inayokubalika ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa sisi tunaoishi kisiwani, ningependa hiyo ya tatu iwe nje ya kisiwa kabisa, huko Mombasa au kwenye wingu. Hata hivyo, fanya hesabu kabla ya kuitegemea: kurejesha GB 500 kupitia njia ya intaneti yenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 55, hata njia isipokatika. Kwa hiyo nakala ya wingu ni ya siku ya moto au mafuriko, ilhali nakala iliyo karibu nawe, kwenye diski isiyounganishwa na mtandao muda wote, ndiyo itakayokurudisha kazini siku hiyohiyo. Tena nakala isiyowahi kurejeshwa usiihesabu. Kila mwezi chagua hifadhidata moja, irejeshe kwenye mashine pepe, mwite mhasibu au mpokeaji wageni aifungue na athibitishe kwamba takwimu zake zimo, kisha uandike ulichukua muda gani.

Mazingira yetu nayo yana masharti yake. Hewa ya chumvi hula viunganishi na feni, na unyevu wa pwani hauna huruma kwa mashine zilizowekwa karibu na dirisha lililo wazi. Umeme ukikatika, UPS (betri ya dharura) haikusudiwi kuendesha seva mchana kutwa. Kazi yake ni kuishikilia mpaka jenereta iwake au seva ijizime kwa utaratibu, na kujizima huko lazima kupangwe na kujaribiwa mapema. Vipuri pia vina safari ndefu: diski iliyoagizwa Mombasa huja kwa basi hadi Mokowe, kisha ivuke kwa boti. Ndiyo maana meneja wa hapa anapaswa kuwa na diski ya akiba kabatini, na kuweza kumweleza mwenye hoteli kwa nini amenunua kitu ambacho bado hakijahitajika.

Uwezo huo wa kueleza ndio unaokosekana kwa mafundi wengi hodari. Mkubwa wako hana haja ya kusikia habari za RAID. Mwambie kwamba huduma inayopatikana kwa asilimia 99 kwa mwaka ni huduma inayokosekana zaidi ya siku 3 na nusu, na kwamba kuifikisha asilimia 99.9 kunapunguza kukosekana huko hadi takriban saa 8 na dakika 45, kisha mwambie bei ya tofauti hiyo na umwachie uamuzi. Panga mabadiliko makubwa kwa kalenda ya mji. Juma la Maulidi, wageni wakiwa wamejaa, si wakati wa kuboresha mfumo. Akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka ifungwe siku anayoondoka. Na uisome Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa sababu hoteli huhifadhi nakala za pasipoti na hospitali huhifadhi siri za wagonjwa: data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72, na anayetegemewa kueleza kilichovuja ni wewe.

Vyeti vifuate baada ya mazoezi haya. CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, itakufunza mtandao kwa mpangilio, na RHCSA, cheti cha Linux cha Red Hat, naipendelea kwa kuwa mtihani wake hufanywa kwa vitendo kwenye mashine yenyewe, hivyo aliyekariri hapiti. Vyote viwili hudumu miaka 3, basi usivikimbilie kabla hujawa karibu na kuomba kazi. Siku ya usaili, pamoja na vyeti, chukua daftari lako la majaribio ya kurejesha nakala na zile kurasa za matukio, ukiwa umeondoa majina ya watu, ya taasisi na anwani zote za mifumo. Wakikuuliza ungefanya nini seva ikianguka saa mbili usiku, fungua ukurasa mmoja na uwaeleze ulivyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na muda uliotumika.