Mtoto wa mitaani akirudishwa nyumbani, kwa nini hutoroka tena?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mpwa wako amerudishwa nyumbani mara mbili na mara zote ametoroka, ukauliza kama ndiyo amekwisha kuharibika. Nimefanya kazi ya kuwaunganisha watoto wa mitaani na familia zao kwa miaka mingi, na neno hilo la kuharibika silikubali.

Ni nadra mtoto kuhama kwao kwa siku moja. Huanza kwa kushinda mitaani na kurudi jioni, kisha hulala huko usiku mmoja, hatimaye harudi tena. Kilichomkimbiza, kiwe kipigo, njaa au manyanyaso ya mlezi baada ya kufiwa na mzazi, hubaki palepale kikimsubiri, na ndiyo maana misako ya kuwapakia watoto kwenye magari haizai matunda. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maoni yake ya jumla namba 21 ya mwaka 2017, iliyataka mataifa yaachane nayo.

Watu huhesabu hasara ya jamii kwa pochi zilizoporwa. Mimi nimeiona zaidi majumbani: baba na mama wanatupiana lawama hadi ndoa inalegea, ukoo unawanyooshea kidole, na wadogo zake wanajifunza kwamba kuondoka kunawezekana. Nimewahi kumtafuta kaka, nikampata akiwa na mdogo wake aliyemfuata. Mtoto mwenyewe anakosa shule, na gundi anayovuta ili asahau njaa na baridi ina toluini, kemikali inayodhuru ubongo.

Akirudi, wiki za mwanzo ni ngumu kwa kila mtu. Wengi hulala na viatu miguuni, kwa kuwa huko walikotoka ukivivua vinaibwa, na huficha chakula chini ya godoro. Mzazi asiyeandaliwa huona ni ukaidi au wizi, akashika fimbo, na safari ikaanza upya.

Kwa hiyo mpwa wako akipatikana, kabla hajapelekwa nyumbani, kaeni na dada yako na shemeji yako pamoja na afisa ustawi wa jamii, mzungumze waziwazi kilichomwondoa. Kama ni kipigo na hakijakoma, ni heri akae kwako kwanza, huku wazazi wakimtembelea na afisa akiendelea kuwafuatilia.